Mwanangu, mgombea mwenza si pambo

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi hapa Rau hatujambo, mvua imeanza vizuri. Mama yako amekufungia maparachichi, yatakuja na basi wiki hii, nitakupigia siku nikiyapakia.

Umeniandikia kwamba huko Dodoma mmebishana ofisini: mgombea urais anampataje mgombea mwenza wake, na huyo mwenza ana uzito gani hasa? Mwenzako amesema ni pambo la mabango tu, ukaona unifikishie mimi kwa kuwa nimefundisha uraia na nimesimamia vituo vya kura. Nitakujibu kwa urefu kidogo, maana jambo hili liko moyoni mwangu.

Anza na Katiba. Kwetu sisi Katiba inamaliza nusu ya kazi kabla mgombea hajataja jina la mtu. Ibara ya 47 inataka Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Bara au Zanzibar, Makamu wake, ambaye ndiye huyo mgombea mwenza, atoke upande wa pili. Tena wote wawili wapendekezwe na chama kimoja, kwa wakati mmoja, na wapigiwe kura kwa pamoja. Sifa za mwenza ni zile zile za Rais: raia wa kuzaliwa, aliyetimiza miaka 40, mwanachama wa chama, mwenye sifa za kuwa mbunge. Kwa hiyo mgombea wa Bara hata akiwa na rafiki yake wa kufa na kuzikana pale Machame, hawezi kumsimamisha. Lazima avuke maji.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya 1995 Rais wa Zanzibar alikuwa mmoja wa makamu wa Rais wa Muungano kwa wadhifa wake. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, watu wakaanza kuulizana: itakuwaje Zanzibar ikimchagua mtu wa chama kingine? Ndipo mabadiliko ya kumi na moja ya Katiba yakaleta huu utaratibu wa mgombea mwenza. Wapo waliosema ni hofu isiyo na msingi. Lakini tazama matokeo ya Zanzibar ya Oktoba 1995: Salmin Amour wa CCM alitangazwa kwa asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF asilimia 49.8. Chini ya utaratibu wa zamani, Mkapa, Rais mpya wa Muungano, alikuwa amebakiza nywele moja tu apate makamu kutoka upinzani. Hata hivyo Wazanzibari wengi waliumia kuona Rais wao ameondolewa kwenye umakamu na kubaki mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano. Malalamiko hayo mimi nayaona ya haki, na sijayasikia yakijibiwa vya kutosha mpaka leo.

Sasa, baada ya Katiba kukata nusu ya nchi, nani anachagua katika nusu iliyobaki? Kwa sura ya nje ni chama. Mkutano Mkuu unakaa Dodoma, unampata mgombea urais, kisha mgombea analeta jina la mwenza na wajumbe wanashangilia. Mwaka 2015 ilikwenda hivyo: Magufuli alipita, akamtaja Samia Suluhu Hassan. Januari 2025 mambo yaligeuka upande: mgombea safari hii alikuwa Samia mwenyewe, wa Zanzibar, kwa hiyo mwenza ilibidi atoke Bara, likaja jina la Emmanuel Nchimbi, katibu mkuu wa chama wakati huo. Majina yote mawili yalipita katika mkutano mmoja. Wajumbe ni wengi, ukumbi umejaa, lakini uamuzi wenyewe huwa umeshafanywa na watu wachache kabla ukumbi haujafunguliwa.

Hao wachache wanapima nini? Ukiyasoma majina yaliyopita utaona. Mkapa alikwenda na Dkt. Omar Ali Juma, mtu wa Pemba aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar. Alipofariki Julai 2001, nafasi ikachukuliwa na Dkt. Ali Mohamed Shein, naye wa Pemba, na Kikwete akaendelea naye 2005. Pemba ilikuwa ngome ya CUF. Kumpandisha Mpemba hakukuleta kura za Pemba, na sidhani kama kuna aliyetegemea hivyo. Mimi nilielewa kwamba chama kilitaka kisiwa kile kisijione kimetengwa na serikali ya Muungano, na naamini lilikuwa jambo jema.

Mwaka 2010 ni somo jingine. Mohamed Gharib Bilal alikuwa akiutaka urais wa Zanzibar kupitia CCM. Chama kikampa Shein tiketi hiyo, na Bilal akawa mgombea mwenza wa Kikwete. Pale nafasi ya mwenza iliponya jeraha la ndani ya chama. Nalo hilo ni la kawaida duniani: aliyeshindwa hapa anapewa heshima pale, ili wafuasi wake wasibaki nyumbani siku ya kura.

Kisha 2015. Watatu wa mwisho walioingia Mkutano Mkuu walikuwa Magufuli na wanawake wawili, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. Baada ya wanawake wawili kufika pale na kukosa, mwenza mwanamke kutoka Zanzibar alikuwa na maana kubwa kwa wajumbe. Lakini usije ukadhani Samia alichaguliwa kwa jinsia peke yake. Alikuwa ameshika wizara ya mambo ya Muungano katika Ofisi ya Makamu wa Rais, na alikuwa makamu mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba 2014, bunge lililokuwa na kelele nyingi. Alizijua faili.

Upinzani mwaka ule ule ulikuwa na shida yake, na hapa kwetu Kaskazini ilifuatiliwa hatua kwa hatua kwa sababu mgombea alikuwa Lowassa wa Monduli. UKAWA ulikuwa muungano wa vyama vya upinzani, na sheria haikuutambua kama mdhamini wa wagombea. CUF wakitaka kutoa mwenza kwa mgombea wa CHADEMA, Katiba inawakumbusha: chama kimoja. Ikabidi Juma Duni Haji, makamu mwenyekiti wa CUF, aache chama chake na kuchukua kadi ya CHADEMA ndipo jina lake lipite. Fikiria uzito wa jambo hilo kwa mtu mzima wa siasa za Zanzibar.

Kwa huyo mwenzako anayesema ni pambo, mpe mfano wa 2005. Mbowe wa Hai aligombea urais, mwenza wake akiwa Jumbe Rajab Jumbe. Siku chache kabla ya tarehe 30 Oktoba, Jumbe akafariki. Uchaguzi wote wa Muungano ukasimama mpaka 14 Desemba. Zanzibar peke yao wakaendelea na uchaguzi wao. Sisi wasimamizi wa vituo tulikuwa tumeshakula kiapo na kupewa mafunzo, tukaambiwa turudi nyumbani tusubiri. Tiketi ile ilikuja kupata chini ya asilimia 6 ya kura. Lakini kifo cha mwenza wake kilisimamisha nchi nzima, kwa kuwa kisheria tiketi ni ya watu wawili, na mmoja akiondoka hakuna tiketi.

Ukitoka nje ya mipaka yetu vigezo vinabadilika. Wenzetu wa Kenya hawana sharti la pande mbili, kwa hiyo mwenza kwao ni hesabu ya ngome waziwazi. Mwaka 2022 wafanyabiashara wa Himo wanaovuka Holili kwenda Taveta walirudi na habari hiyo kila siku ya soko. Ruto akamchukua Rigathi Gachagua, Raila akamchukua Martha Karua baada ya jopo kuwahoji watu kadhaa. Wote wawili wa Mlima Kenya, maana kura za mlima ndizo zilizokuwa zinagombewa. Ruto akashinda. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2024, Seneti ikamwondoa Gachagua, na Kithure Kindiki, ambaye jina lake lilikuwa mezani tangu 2022, akaapishwa Novemba. Yule aliyefaa kuvuta kura hakufaa kufanya kazi pamoja na bosi wake. Hapo ndipo penye ugonjwa wa mambo haya: anayetafutwa ni mtu wa kampeni ya miezi miwili, anayepatikana ni kiongozi wa miaka mitano.

Marekani wamepita humo muda mrefu zaidi yetu. Kennedy mwaka 1960 alimchukua Lyndon Johnson wa Texas kwa sababu alizihitaji kura za Kusini, na walikuwa wametoka kushindana. McGovern mwaka 1972 alimchukua Seneta Eagleton kwa haraka, likaja kujulikana kwamba aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa sonona, na siku 18 baadaye akajiondoa. Tangu hapo huko hakuna jina linalopita bila kupekuliwa maisha yake yote: afya, kodi, madeni, hotuba za zamani. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa 1944. Roosevelt alikuwa mgonjwa, na wakubwa wa chama chake walimwona. Walipomkataa Henry Wallace, makamu aliyekuwepo, na kumleta Truman, walijua kwamba huenda wanachagua rais. Roosevelt alifariki Aprili 1945. Truman alikuwa amekaa siku 82 tu kwenye umakamu, na hakuwa ameelezwa undani wa mradi wa bomu la atomiki. Walimchagua mtu wakijua lililo mbele, halafu hawakumwandaa. Hilo linaniudhi hata leo ninaposimulia.

Malawi nako, Aprili 2012, Bingu wa Mutharika alifariki akiwa ameshamfukuza chamani makamu wake, Joyce Banda. Wapo waliotaka kumruka. Katiba yao ikasimama, mama yule akaapishwa.

Nasi tukafikiwa. Usiku wa 17 Machi 2021 aliyetutangazia kifo cha Rais Magufuli alikuwa Makamu wake, na tarehe 19 akaapishwa. Hakukuwa na mkutano mkuu, hakukuwa na kampeni. Kura iliyomweka pale ilikuwa ile ile ya Oktoba 2020, na wengi waliopanga foleni siku ile walikuwa wanafikiria jina moja tu.

Kwa hiyo ukiniuliza mgombea anamchaguaje mwenza, nakujibu: kwa kupatanisha Katiba, chama chake na kura anazozikosa. Ukiniuliza anapaswa kumchaguaje, nakwambia ajiulize kwanza, mimi nisipokuwepo Jumatatu, huyu ataweza kuliendesha Baraza la Mawaziri Jumanne? Anayajua mambo ya fedha na ulinzi? Ana ujasiri wa kuniambia hapana tukiwa wawili ndani? Mambo ya ngome na jinsia na kisiwa yaje baada ya hapo. Sisemi hayana maana. Yana maana sana katika nchi ya Muungano kama yetu, ila hayatoshi.

Na sisi wapiga kura tumezembea upande wetu. Wenza wanapita mikoani, wanapanda jukwaani pale Moshi au Arusha, tunawapigia makofi wanapomnadi mgombea, wanashuka. Ni mara chache kusikia mwandishi amemuuliza mwenza msimamo wake yeye mwenyewe kuhusu deni la taifa au bei ya kahawa. Wakenya waliwasimamisha Gachagua na Karua kwenye mdahalo wa televisheni Julai 2022, watu wakawapima ana kwa ana. Natamani sheria yetu iufanye mdahalo wa wagombea wenza kuwa wa lazima, na ningependa nyinyi vijana mlio karibu na Bunge mlisemee hilo.

Mwenzako mwonyeshe Ibara ya 37, fungu la tano, linalosema Rais akifariki Makamu ndiye anayeapishwa kuwa Rais. Aisome mwenyewe, kisha mwambie aniandikie kama bado anabisha. Nitamjibu.

Mama yako anauliza kama utapata likizo Pasaka. Nijibu mapema tujue la kufanya.

Wako,
Baba