Maswali ya Wasomaji: Kuchambua Mchezo Wako wa Sataranji

Katika majibu haya K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Alama x ni kula, + ni cheki, # ni chekimeti. Miraba hutajwa kwa safu (a hadi h) na mstari (1 hadi 8), na nukta tatu baada ya namba, kama 5...Nxd5, huonyesha hatua ya mweusi.

Swali: Kila nikimaliza mchezo nauingiza kwenye programu, inanionyesha makosa yangu kwa rangi nyekundu, naangalia, nafunga. Baada ya muda narudia makosa yaleyale. Nifanyeje?

Jibu: Zima injini kwanza, yaani ile sehemu ya programu inayokokotoa hatua bora. Ukishaona jibu lake huwezi tena kukumbuka ulichokuwa ukifikiri, na fikra zako ndizo unazotaka kurekebisha. Hatua mbaya ni matokeo tu.

Siku hiyohiyo, mchezo ungali kichwani, pitia karatasi yako ya hatua na kalamu mkononi. Kando ya kila hatua iliyokusumbua andika mambo matatu: hatua nyingine ulizozifikiria, jibu ulilolitarajia kwa mpinzani, na muda uliobaki kwenye saa yako. Muda usiudharau. Ukikuta umetumia dakika 12 kwa hatua ya 9, kisha sekunde 20 kwa hatua ya 24 iliyokumaliza, tayari una jambo la kufanyia kazi kabla hujaigusa kompyuta.

Kisha chagua sehemu tatu, si zaidi, ambapo unadhani mchezo uligeuka. Zichambue mwenyewe kwa kusogeza kete kwenye ubao halisi, hadi ufikie tathmini: nani yuko vizuri zaidi, na kwa nini. Hapo ndipo uwashe injini. Pale tathmini yako inapogongana na yake ndipo penye somo. Asilimia ya usahihi ambayo programu hutoa mwishoni iache kando. Mpinzani akikuachia malkia mapema, asilimia yako hupanda hata kama hukufikiri kitu.

Swali: Nilishika kete nyeusi. Tulianza 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5 Nxd5 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ Kg8, nikapigwa mara moja. Mimi naona kosa ni hatua ya 7, programu inalaumu pia ya 5. Tumwamini nani?

Jibu: Wote mko sawa, ila makosa haya mawili si ya aina moja, kwa hiyo yachambue kuanzia mwisho kurudi nyuma.

Hatua ya 7 ni kosa la hesabu. Baada ya 7...Kg8 8.Bxd5+ mfalme hana pa kwenda. Ukikinga kwa 8...Be6, 9.Bxe6#. Ukila kwa 8...Qxd5 9.Qxd5+ Be6, basi 10.Qxe6#. Ilibidi uingie 7...Ke6, ingawa mkono unasita kumpeleka mfalme katikati ya ubao, kwa sababu ndiyo hatua pekee inayomlinda farasi wa d5 mara ya pili.

Usiishie hapo. Sogeza mbele: 8.Nc3. Sasa hesabu mraba wa d5. Wanaoushambulia ni watatu: askofu wa c4, farasi wa c3 na malkia wa f3, ambaye njia yake iko wazi kupitia e4. Walinzi ni wawili tu, malkia na mfalme. Unahitaji wa tatu, na anapatikana kwa 8...Ncb4 au 8...Nce7, yaani farasi wa c6 aende b4 au e7. Ya kwanza ina faida ya kutishia Nxc2+, inayomgonga mfalme na ngome ya a1 kwa pamoja. Mweupe ametoa farasi na kubaki na askari mmoja wa ziada, kwa hiyo bado una cha kutetea. Lakini mfalme wako yuko uwanjani na kete zako nyingi hazijatoka. Mezani, saa ikikimbia, watu wachache huweza kuitetea hali hiyo.

Hiyo ndiyo sababu programu inalaumu hatua ya 5. Kosa hilo ni la uamuzi. Uliporudisha askari kwa 5...Nxd5, f7 ilikuwa tayari inatazamwa na farasi wa g5, na nyuma ya d5 askofu wa c4 anaielekea f7 hiyohiyo. Farasi alipotua f7 aliwashika malkia na ngome kwa pamoja, ukalazimika kumtoa mfalme. Iliyozoeleka zaidi ni 5...Na5, inayomsumbua askofu kwanza. Baada ya 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 umepungukiwa askari mmoja, lakini kete zako zinatoka haraka na za mweupe zinarudi nyuma.

Kwenye daftari andika sentensi mbili tofauti: "Kabla ya kumkimbiza mfalme, hesabu cheki zote" na "Kabla ya kurudisha askari, tazama f7". Ya pili ndiyo itakayokuokoa mara nyingi zaidi.

Swali: Injini inapendekeza hatua ambayo siielewi hata kidogo. Niikariri?

Jibu: Hapana. Icheze kwenye ubao, kisha mjibu kwa hatua ambayo wewe ungeicheza, hata kama injini haiipendi, uone inavyoadhibiwa. Rudia kwa jibu la pili na la tatu. Mara nyingi siri hujitokeza humo, si kwenye mstari bora inaouonyesha. Fungua mistari mitatu ya injini (mfululizo wa hatua inazozipendekeza) badala ya mmoja: ikiwa tathmini zake ni 0.40, 0.35 na 0.30, chagua unayoielewa na uendelee. Ikiwa ni 0.40 na zinazofuata ni -2.00, kuna jambo moja tu lililokuwa likifanya kazi pale, na lazima ulijue. Iache ifikiri walau dakika moja kabla ya kuandika namba yoyote.

Namba zenyewe zisikutishe. Tangu toleo la 15.1 la injini ya Stockfish, la mwaka 2022, tathmini ya +1.00 inakadiria nafasi ya nusu ya kushinda pale injini inapocheza na injini mwenzake. Kati yako na mpinzani wako, +1.00 hupotea kwa hatua moja.

Swali: Mfalme wangu mweupe e3, askari wangu e2, mfalme mweusi e6, zamu yangu. Nilicheza e4, ikaisha sare. Nilikuwa na nini zaidi?

Jibu: Ulikuwa na ushindi: 1.Ke4. Wafalme wanatazamana, mraba mmoja katikati, na zamu ni ya mweusi, hivyo lazima apishe. Akienda 1...Kf6 unaingia 2.Kd5. Akienda 1...Kd6 unaingia 2.Kf5. Akirudi 1...Ke7 unamfuata 2.Ke5. Mfalme atangulie, askari afuate. Wewe ulipocheza 1.e4, mweusi akajibu 1...Ke5 na kumzuia askari akiwa mbele yake.

Askari aliyebaki e2 ni akiba pia: mkitazamana na zamu ikawa yako, unamsogeza mraba mmoja na zamu inarudi kwa mwenzako. Lengo ni mfalme wako afike mstari wa sita mbele ya askari. Akifika huko unashinda hata zamu ikiwa ya nani, isipokuwa askari akiwa wa safu ya a au h.

Kwa hali kama hizi usitumie tathmini ya injini. Zipo hifadhidata zenye jibu kamili kwa kila mpangilio wa kete zisizozidi 7, wafalme wakihesabiwa. Zitakuambia ni ushindi au sare, bila makadirio.

Swali: Naruhusiwa kuacha kuandika hatua muda ukiniishia?

Jibu: Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, katika mchezo wa muda mrefu, ndiyo, ukibakiwa na chini ya dakika 5 na saa haiongezi sekunde 30 au zaidi kwa kila hatua. Ikiwa inaongeza, andika hadi mwisho. Ukiruhusiwa kuacha, kaa na mpinzani mara tu mnapomaliza na mjenge upya hatua zilizokosekana kabla kete hazijarudishwa kwenye boksi. Muulize pia alichokihofia, maana hilo injini haiwezi kukuambia.