Mnaoanza jiolojia: kabla ya miti, ulizeni maji

Karibuni, wadogo zangu. Kila ninapowauliza wanafunzi wapya kwa nini tabaka fulani la makaa ya mawe ni nene, hunijibu, "Msitu wake ulikuwa mkubwa." Msitu peke yake hautoshi. Hata milimani kuna misitu minene, lakini majani yakianguka huoza yakaisha, kwa kuwa hewa inayafikia.

Nendeni kwenye mikoko ya Lamu maji yakipwa, mfukue tope kwa mkono. Juu ni la kijivu. Chini kidogo ni jeusi, linanuka yai viza, na mtakuta vipande vya mizizi ambavyo nyuzi zake bado hazijakatika. Maji yamezuia oksijeni, vijidudu vinakula polepole, mabaki yanarundikana. Mboji ya kinamasi huanza hivyo.

Sasa unene. Mboji hupanda kama milimita 1 kwa mwaka, kisha ikifukiwa hubanwa. Kwa makisio yanayotumika sana, mita 10 za mboji hutoa mita 1 ya makaa. Basi tabaka la mita 3 linadai kinamasi kilichodumu miaka 30,000 hivi palepale. Hapo ndipo penye kazi! Ardhi isiposhuka, mboji hupita usawa wa maji ikaoza. Ikishuka haraka mno, miti huzama ikafa, na mchanga ukafunika kila kitu. Sharti ardhi ididimie kwa mwendo uleule wa mboji kupanda. Kwenye bonde la Latrobe, Australia, mwendo huo ulilingana kwa muda mrefu hivi kwamba kuna makaa ya kahawia yenye unene wa zaidi ya mita 100.

Tahadhari moja: msije mkaandika kwenye mtihani kwamba makaa ya Ngaka au Mchuchuma, kule Tanzania, yalitokana na mikoko. Yana zaidi ya miaka milioni 250, na mikoko haikuwapo duniani. Na Lamu yenyewe tuna hadithi ya mtambo wa umeme wa makaa uliopangwa kujengwa Kwasasi, ukafutiwa leseni ya mazingira 2019, si ya machimbo; makaa ya Kenya yako Mui, Kitui.

Mkifika kwenye mwamba, anzeni chini ya tabaka: udongo wenye alama za mizizi unaonyesha msitu uliota papo hapo. Vijistari vya udongo katikati mara nyingi ni mafuriko ya mto. Salfa ikiwa nyingi ndani ya makaa, shukuni kwamba maji ya bahari yalifika kwenye kinamasi.