Kabla hujatamba na eneo la uso, uliza nta itapita wapi

Kichocheo changu cha kwanza cha kugeuza gesi sanisi (mchanganyiko wa haidrojeni na monoksidi ya kaboni) kuwa mafuta kiliniaibisha. Nilichagua kibebeo, yaani kitu chenye vitundu kinachoishikilia metali inayofanya kazi, cha silika chenye eneo la uso linalozidi mita za mraba 500 kwa gramu moja, nikaamini kobalti, ndiyo metali yenyewe, ikitandazwa humo kazi imekwisha. Kikatoa methani kwa wingi. Mafuta yenyewe yalikuwa ya kuhesabu matone.

Kumbe vitundu vya silika ile vilikuwa na upana wa nanomita 4 hivi, na chembe ya kobalti haikui kupita kitundu ilimozaliwa. Chembe ndogo namna hiyo hung'ang'ania oksijeni yake, na kobalti haifanyi kazi mpaka ivuliwe oksijeni hiyo. Hata ukifaulu kuivua kwa haidrojeni, zile zilizo chini ya nanomita 6 hivi hufanya kazi kivivu na kupendelea methani. Siku hizi siangalii kibebeo chenye vitundu vya chini ya nanomita 10.

Halafu kuna nta, yaani minyororo mirefu ya kaboni inayozaliwa pamoja na mafuta, ambayo wanaoanza huisahau. Kwenye nyuzi 220 za Selsiasi na shinikizo la baa 20, nta ni kimiminika, nayo hujaza vitundu vyote. Haidrojeni huipenya upesi kuliko monoksidi ya kaboni. Basi kadiri unavyoingia ndani ya punje, haidrojeni inazidi, minyororo ya kaboni inakatika ikiwa mifupi, na methani inapanda tena. Kwa punje za milimita 2 au 3 zinazolala ndani ya bomba, weka kobalti kwenye ganda la nje tu. Kwa unga wa kinu cha tope, ambamo kichocheo huelea ndani ya nta ya kimiminika, shida hiyo hupungua, ila hapo ogopa kusagika: vumbi lake huziba vichujio na kuchafua nta.

Alumina ya gama, kibebeo kingine, ni ngumu na naipenda, ingawa huikumbatia kobalti kupita kiasi. Platini kidogo sana huilegeza. Lakini kumbuka kwamba karibu kila molekuli ya monoksidi ya kaboni inayogeuzwa huacha molekuli ya maji, kwa hiyo kibebeo kinaishi ndani ya mvuke. Kipike kwanza kikiwa kitupu kwenye mvuke wa joto na shinikizo la kazi, upime vitundu kabla na baada. Ningefanya hivyo mapema, ningeokoa kobalti nyingi.

Kupima ujazo wa vitundu hakuhitaji mashine: dondoshea unga wa kibebeo maji ukikoroga, na ukianza tu kushikana, simama. Ujazo huo ndio wa mmumunyo wako wa chumvi ya kobalti, unaoiingiza kobalti vitunduni. Ukitaka kobalti ienee sawa, kausha polepole, la sivyo chumvi itafuata maji hadi ukingoni mwa punje.

Na kobalti iliyokwisha kuvuliwa oksijeni usiifungulie hewa kwa pupa. Ipe oksijeni kidogo kidogo ndani ya naitrojeni. Mimi niliichota moja kwa moja, ikawaka kama kaa. Kijiko kile bado ninacho, cheusi upande mmoja.