Kabla ya Masika, Ijue Kwanza Ardhi ya Uani Kwako

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja, bibi harusi aliyehamia Bwejuu kutoka Chake Chake, akinieleza kwa masikitiko kwamba miche saba aliyoinunua kwa ajili ya ua wa nyumba yake imekufa yote hata kabla masika hayajaingia. Aliniuliza kama mikono yake ina nuksi. Nilirudia kuusoma ujumbe ule mara tatu, kwa sababu swali hilohilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, mwishoni mwa Machi 2014, nikiwa nimekaa juu ya jiwe uani kwangu Jambiani nikiitazama miwaridi minne iliyokauka kama kuni za kuwashia moto. Nimeona nimjibu hapa kwa urefu, kwa kuwa najua wako wengi wanaotamani ua wenye harufu ya asumini na kilua, na huu ndio wakati ambao vitalu vimejaa na kila mmoja wetu ana hamu ya kupanda.

Nimezaliwa na kukulia Wete, Pemba, katika nyumba iliyozungukwa na mikarafuu. Udongo wa kwetu ni wa kina; ukipiga jembe linazama lote, na kijiti cha muhogo ulichokisahau kando ya njia utakikuta kimechipua. Baba alinifundisha kuuwekea mche wa mkarafuu kivuli cha mgomba, kwa kuwa mkarafuu mchanga hauvumilii jua la wazi, na akanifundisha kutoupanda mahali panapotuama maji, kwa kuwa mizizi yake huoza. Nilipoolewa Jambiani mwaka 2013, niliamini kwamba elimu hiyo ingenitosha kila niendako. Nakiri kwamba nilikuwa na kiburi cha mtu ambaye hajawahi kufiwa na mche.

Upande wa mashariki wa Unguja, ziliko Jambiani na Bwejuu, ni uwanda wa jiwe la matumbawe, na udongo wake umejificha katika vishimo na mianya, pengine kwa kina kisichozidi kiganja. Maji ya visima vilivyo karibu na pwani yana chumvi. Upepo wa kusi, unaoshika nguvu baada ya Aprili, hutupiga moja kwa moja kutoka baharini na kuyaunguza majani. Yote hayo niliyaona tangu wiki ya kwanza, lakini sikuyahusisha na bustani hata kidogo. Mwanzoni mwa Machi nilikwenda mjini, nikaingia katika kitalu kimoja kando ya barabara, nikachagua kwa macho: miwaridi minne iliyokuwa imechanua, mlangilangi mmoja na mkilua mmoja. Nilitoa shilingi 85,000, nazo zilikuwa akiba yangu ya miezi kadhaa. Muuzaji hakuniuliza ninaishi wapi, nami sikumwambia. Alisema kwamba mvua imekaribia na miche yake itashika popote. Neno hilo "popote" bado linaniudhi hadi leo.

Kuchimba mashimo sita kulinichukua siku mbili. Jembe lilidunda, ikabidi niazime mtaimbo kwa shemeji yangu, na kila pigo lilitoa unga mweupe uliojaa kwenye nyusi. Chini ya kila shimo nilitandika makumbi ya nazi ili yahifadhi unyevu, kama tulivyozoea nyumbani. Makumbi yenyewe niliyakuta yameachwa kwenye rundo kando ya pwani, meusi, laini, yaliyolowa vizuri, nikafurahi kwa kupunguziwa kazi. Usiku ule ikanyesha, na usiku wa pili ikanyesha tena. Asubuhi nikapanda yote sita nikiwa na hakika kwamba masika yamefika.

Hayakuwa masika. Ilikuwa rasharasha tu, na baada yake likafuata jua kali la mwisho wa kaskazi kwa muda wa karibu wiki tatu. Nilibeba madumu ya maji ya kisima asubuhi na jioni. Kadiri nilivyomwagilia, ndivyo majani yalivyozidi kukunjamana kuanzia kwenye ncha, na machipukizi machache ya mwaridi yaliyotoka yalikuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wifi yangu mmoja alipita na wageni, akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Mpemba wao amekuja kulima mawe. Wakacheka. Niliingia ndani nikafunga mlango. Tumekwisha kusameheana, ila maumivu ya siku ile hayajaniisha.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja, jirani yetu, mwanamke ambaye kwa miaka mingi alisokota kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Alikuja jioni bila ya kuitwa. Aling'oa mwaridi mmoja uliokwisha kufa, akaingiza mkono shimoni, akatoa kipande cha kumbi, akakipangusa kwa kanga yake na kukigusisha ulimini. Kisha akaninyooshea. "Kionje, mwanangu." Kilikuwa chumvi tupu. Makumbi yale yalikuwa yamefukiwa miezi mingi katika mchanga wa pwani, bahari ikiyafunika na kuyafunua, ili yaoze na kutoa usumba. Nilikuwa nimeitandikia chumvi mizizi ya kila mche kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nikaiongezea chumvi nyingine kwa dumu kila siku.

Akaupasua ule mfuko mweusi, yaani kiriba, ambao nilikuwa nimeukata chini tu na kuuacha ubavuni mwa mwaridi. Mizizi ilikuwa imejizungusha ndani yake kama kamba kwenye kigingi, wala hakukuwa na hata mmoja uliotoka nje kutafuta udongo. Mche ule ulikuwa umezeeka katika kiriba. Maua yaliyonivutia kitaluni yalikuwa juu ya mmea ambao chini umekwisha kubanwa.

Miezi iliyofuata haina la kusimuliwa, nilipanda mchicha na nikanyamaza.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu wa Bwejuu, na kwa kila anayenuia kupanda mwaka huu. Usiende kitaluni kabla hujachimba shimo moja uani kwako. Chimba, uone udongo una kina gani, jiwe linaanza wapi, na maji yakimwagwa yanatuama au yanapotea. Onja maji ya kisima chako. Simama uani wakati wa upepo ujue ukuta gani unaukinga. Ukishayajua hayo, ndipo uwe na haki ya kuchagua mche, na utagundua kwamba orodha yako imekuwa fupi. Jiwe letu ni lilelile linalochomwa kupata chokaa, na udongo wenye chokaa nyingi huyazuia madini ya chuma yasifike kwenye mmea, ndiyo maana mwaridi hugeuka manjano hata ukiulisha samadi ya ndoo nzima. Mwaridi hauipendi chumvi pia. Anayeutaka sana aupande katika chungu kikubwa chenye udongo wa kuletwa, na aumwagilie maji ya mvua au ya bomba. Ardhini mwa maweni panda mhina, mkomamanga, mdimu, mshubiri na mwarobaini wa kivuli. Asumini nayo hustahimili, ikipata mfuko wa udongo na ukuta wa kuegemea.

Kitaluni, uangalie mche chini kabla ya kuangalia ua. Ukikuta mizizi inachungulia kwenye matundu ya kiriba, au shina limekuwa refu na jembamba kwa kugombania mwanga, uache. Chagua mfupi, wenye majani ya afya na ambao bado haujatoa maua. Wakati wa kupanda, upasue mfuko wote na uutupe, uikunjue mizizi kwa vidole, shimo liwe pana mara mbili ya kiriba wala lisiuzamishe mche zaidi ya ulivyokuwa. Panda jioni. Matandazo yasiguse shina. Na makumbi, tafadhali, yawe ya nazi zilizofuliwa nyumbani.

Kuhusu mvua, wazee wetu walikuwa na hesabu. Babu yangu alihesabu miongo, siku kumi kumi, kuanzia siku ya Mwaka, hiyo Nairuzi ambayo jirani zetu wa Makunduchi wanaiadhimisha hadi leo kila mwezi wa Julai. Ukihesabu miongo 24, siku 240, unaangukia katikati ya Machi, mlango wa masika. Lakini babu hakuipandia hesabu peke yake. Alichoma ardhi kwa kijiti, akasubiri unyevu uungane chini. Sisi tunaharakishwa na mawingu na picha za bustani za watu kwenye simu, tunapanda kwa pupa, kisha tunailaumu mikono yetu au tunaamini maneno ya husuda. Subira imeondoka katika kilimo chetu, na nasema hivyo nikijua kwamba mimi mwenyewe nililipia shilingi 85,000 ili nijifunze.

Mche mmoja kati ya sita ulinusurika, nao ni mkilua. Huu ni mti wetu wa pwani ya Kenya na Tanzania, na hata wataalamu wa mimea walipouandika rasmi mwaka 1970 waliuita kwa jina letu la Kiswahili, Mkilua. Wenyewe hupenda kivuli cha miti mikubwa, nami nilikuwa nimeuchomeka peupe kama mwaridi. Yule mzee na mimi tuliuhamisha hadi nyuma ya jiko, upande usiopigwa na kusi, katika shimo tulilolisafisha na kulijaza udongo mwekundu uliokuja kwa magari mawili ya ng'ombe. Ulikaa miaka bila ya kutoa ua. Siku hizi, magharibi ikiingia, harufu yake inafika hadi barazani, na panapokuwa na harusi mtaani huletwa sinia kwangu kwa ajili ya vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia: kilua kutoka nyuma ya jiko, asumini kutoka ukutani, mrehani kutoka kwenye vyungu. Mwaka jana aliyeleta sinia alikuwa wifi yangu yuleyule. Nilimjazia.

Mdogo wangu wa Bwejuu atakuja Ijumaa. Nimemkatia vijiti 12 vya asumini, kila kimoja urefu wa penseli, nimeviotesha kwenye mchanga chini ya mkilua, na vinne vimekwisha kutoa macho. Jana usiku ilinyesha kwa muda, majirani wawili wakaamka na majembe. Nilichoma kijiti ardhini baada ya sala ya alfajiri: juu kulikuwa na maji, na urefu wa kidole kimoja chini yake vumbi lilikuwa kavu. Mtaimbo bado nimeuegemeza ukutani.