Kabla ya Kulipiga Vita Gugu Linalotambaa Uani, Shika Bua Lake na Unuse Jani

Nyumba ninayoishi Ujiji ina uwanja mdogo wa nyasi upande wa mbele, na karibu nusu ya uwanja huo imo chini ya mwembe uliopandwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kwa misimu miwili ya mvua niliziona nyasi za upande wa mwembe zikipungua, na mahali pake pakichukuliwa na gugu la majani ya mviringo, lililolala chini kiasi kwamba fyekeo lilipita juu yake bila kuligusa. Nililing'oa kwa mkono mara tatu, na mara zote tatu lilirudi kabla ya mwezi kwisha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuiamini simu. Nilipiga picha ya jani moja, nikaiingiza katika programu ya kutambua mimea, nami nikajibiwa bila kusitasita kwamba ni Glechoma hederacea, gugu linalowasumbua mno wenye bustani wa Ulaya, kwao asilia, na wa Marekani Kaskazini, ambako lilipelekwa na walowezi. Wamarekani wamelipachika jina la Charlie Mtambaaji, kana kwamba ni jirani mkorofi wanayemfahamu kwa miaka mingi. Waingereza wa zamani waliliheshimu zaidi: kabla ya kuzoea maua ya hopsi, walitumia majani yake kuitia pombe yao uchungu na kuifanya iwe maangavu.

Katika kusoma habari za Charlie huyo nilikutana na ushauri wa kulinyunyizia boraksi, aina ya chumvi ya madini. Nilikwenda kwa sonara, kwa kuwa masonara huitumia katika kuunganisha dhahabu, nikapata vijiko kadhaa, nikavikoroga katika ndoo ya maji na kumwagia eneo lote chini ya mwembe. Baada ya wiki mbili nyasi zilikuwa na rangi ya majani makavu ya mgomba, wakati gugu lenyewe lilikuwa limeungua kingo tu. Boraksi ina boroni, ambayo mmea huihitaji kwa kiasi kidogo sana na ambayo ikizidi hugeuka sumu. Tena, kwa kuwa ni elementi, haiozi wala haimeng'enywi na vijidudu vya udongoni. Hata huko ushauri huo ulikotoka, pengo kati ya kipimo kinacholiumiza gugu na kile kinachoziumiza nyasi ni jembamba mno, na mimi sikuwa nimepima chochote zaidi ya kukisia kwa kijiko.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja, jirani yangu, ambaye hulima mboga karibu na mfereji. Alilitazama gugu, akachuma jani, akalifikicha kwa vidole na kunielekezea puani. "Nusa, baba. Lanukia nini?" Nikanusa, nikamjibu kwamba halinukii kitu, labda ubichi kidogo kama wa majani ya karoti. Akatikisa kichwa na kusema kwamba majani haya yeye huyaona kila mahali palipo na maji, na kwamba nikitaka yaondoke nianze kwa kuyaondoa maji.

Nilirudi kusoma upya, safari hii kwa uangalifu, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini swali la harufu lilikuwa zito. Glechoma ni wa familia moja na mnanaa, mrehani na kivumbasi. Yeyote aliyewahi kushika bua la kivumbasi anajua kwamba lina pembe nne, na ukilizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada unazihisi pembe hizo zikigonga. Glechoma analo bua hilohilo la pembe nne, majani yake hutoka mawili mawili yakielekeana kwenye kila kifundo, ukiyafikicha yananukia kwa nguvu, na maua yake ni ya rangi ya samawati iliyochanganyika na zambarau, yenye umbo la midomo miwili. Gugu langu halikuwa na hata moja kati ya hayo. Bua lake lilikuwa jembamba na la duara, lenye wekundu kidogo. Kwenye kila kifundo palitoka kishungi cha majani, kila jani likisimama juu ya kikonyo chake kirefu. Na maua, ambayo nilikuwa sijawahi kuyaona kwa kuwa hujificha chini ya majani karibu na udongo, yalikuwa madogo mno, meupe yenye kuelekea wekundu hafifu.

Huo ni Centella asiatica, mmea wa familia ya karoti na giligilani, unaoota katika sehemu zenye unyevu karibu kote katika nchi za joto, Afrika Mashariki ikiwemo. Kilichoihadaa simu ni jani: mimea yote miwili ina jani la umbo la figo lenye ukingo wa mawimbi mawimbi, na yote miwili hutambaa na kutia mizizi kwenye kila kifundo. Ukikuta jani la mviringo lenye ukingo laini usio na mawimbi, hiyo ni mimea mingine kabisa. Kwa hiyo picha ya jani peke yake haitoshi. Ng'oa kipande chenye bua, kifundo na ua, ukitazame juani.

Kutia mizizi kwenye vifundo ndiko kulikoeleza kushindwa kwangu mara tatu. Nilipokuwa nikivuta, bua lilikatika, na kila kipande kilichobaki na kifundo chake kikawa mmea unaojitegemea. Siku hizi nang'oa siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa laini lakini haugandi mkononi, nikitanguliza uma wa bustani chini ya mizizi na kulifuata bua kutoka ncha moja hadi nyingine. Ninachong'oa nakitandaza juu ya bati mpaka kikauke kabisa, kwa maana ukikitupa kibichi kwenye mtaro wa maji unampelekea jirani wa bondeni.

Hata hivyo kazi kubwa haikuwa kung'oa. Bomba la nje lilikuwa likivuja chini ya mwembe tangu sijui lini, na ardhi ya pale ilikuwa imeshindiliwa na miguu ya watu wanaokuja kuteka maji. Nilirekebisha bomba, nikachimba mfereji mdogo wa kuyatoa maji, nikatoboa ardhi kwa uma ili ipate hewa, na nikakata matawi ya chini ya mwembe ili jua la asubuhi lifike. Ukoka haupendi kivuli, kwa hiyo sehemu iliyobaki gizani nilipanda paspalamu, aina ya nyasi inayovumilia zaidi. Niliacha pia kufyeka hadi udongo uonekane, tabia ambayo wengi wetu tunaiita usafi, lakini kwa gugu linalotambaa ni kufunguliwa mlango, kwa sababu nyasi ndizo zinazopoteza majani nalo linabaki na yake yote.

Katika maduka ya pembejeo zipo dawa zenye 2,4-D, ambazo huua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi. Sikuzitumia, kwa sababu upepo wa ziwani ungeweza kupeleka matone kwenye nyanya na maharage ya bibi, na nyanya hudhurika kwa kiasi kidogo sana cha dawa hiyo. Mwenye uwanja mpana ulio mbali na mboga na maji anaweza kuamua vingine, mradi afuate kipimo cha kwenye lebo na asipulize wakati wa upepo.

Watu wa Sri Lanka huikatakata Centella na kuila kama kachumbari pamoja na nazi iliyokunwa. Mimi sijaonja, na simshauri mtu aonje gugu alilotambulishwa na simu. Msimu huu wa mvua limebaki kipande cha ukubwa wa mkeka karibu na bomba, mahali ambapo nyasi hazijawahi kukubali, nami nimekiacha.