Ukienda Komoro, beba siku za akiba

Siku ya 29 ya safari yetu, mimi na mume wangu tulikuwa tumeketi juu ya mabegi katika uwanja mdogo wa ndege wa kisiwa cha Mwali, tukiambiwa ndege ya leo haiji. Ya jana pia haikuja. Tikiti zetu za kurudi Nairobi zilikuwa za siku ya 31, nazo zinaanzia kisiwa kikuu cha Ngazija, na baina yetu na Ngazija ni bahari. Kijana mmoja akatufuata akasema ana mashua ya faiba, atatutoa Hoani, hapo Mwali, mpaka Chindini ya Ngazija kwa bei nzuri. Nikamuuliza maboya ya kujiokolea yako mangapi. Akanyamaza. Tukamshukuru, tukarudi kukaa.

Ndege ilikuja siku ya 30, saa tisa alasiri. Tulilala Moroni usiku mmoja tu, asubuhi tukaondoka. Alhamdulillahi tulifika Mombasa salama, lakini zile siku mbili za roho juu zingeepukika kabisa, na kosa lilikuwa langu mimi niliyepanga ratiba. Naandika haya kwa sababu kila nikisema nilikokwenda, watu wananiomba niwapangie.

Sisi wa Mombasa tumezoea maji ya kuvuka kwa dakika. Feri ya Likoni ikichelewa tunalalamika, lakini tunajua ipo, usiku na mchana. Nchi ya visiwa haiko hivyo. Komoro ni visiwa vitatu: Ngazija yenye mji mkuu wa Moroni, Nzwani, na Mwali ambayo ni ndogo kuliko zote. Ndege zinazokwenda baina yake ni ndogo na chache. Moja ikiharibika, abiria wa siku tatu wanarundikana pamoja. Mimi niligawa siku zangu kama mtu anayegawa mkate: Ngazija 12, Nzwani 8, Mwali 9, kisha nirudi kuunganisha ndege. Haikubaki hata siku moja ya kupotea.

Ningeanza upya, ningefanya hivi. Ningeshuka Ngazija, nikalala siku tatu za kupumua, kubadilisha pesa na kuzoea lugha. Halafu moja kwa moja Mwali, wiki mbili. Kisha Nzwani kwa wiki moja. Siku zote zilizobaki ningezitumia Ngazija, hapo hapo penye uwanja wa ndege wa kimataifa, tena zisipungue siku nne kabla ya ndege ya kurudi. Kisiwa cha mbali kitangulie, na chenye ndege ya nyumbani kiwe cha mwisho. Hata ukisahau mengine yote, hili usilisahau.

Msimu pia uuangalie. Kule kama huku, mwaka unakwenda kwa pepo mbili. Wakati wa kusi, tangu Mei hadi Oktoba, kuna ukavu na ubaridi kidogo. Kaskazi ndiyo ya mvua kubwa, na baadhi ya miaka hata vimbunga hupita maeneo yale. Sisi tuliondoka Mombasa mapema Septemba, na naona tulipata bahati. Julai na Agosti ni miezi ya harusi kubwa Ngazija, Wangazija walio Ufaransa wanarudi kwa wingi kutimiza ada zao, na nafasi ya kulala au ya ndege inakuwa adimu. Ila ukialikwa kwenye harusi yenyewe, nenda tu miezi hiyo, ustahimili msongamano. Mwanamume aliyetimiza ada ile ya harusi kubwa ndiye anayehesabiwa mtu mzima, *mdru mdzima* kwa lugha yao, hata kama wenziwe wasiotimiza wana mvi kumshinda.

Lugha ni jambo nililolipenda kuliko nilivyotarajia. Usidhani Kiswahili chako kitakutosha siku ya kwanza. Shikomori ni ndugu wa Kiswahili, nacho kina mambo yake. Sokoni Volo Volo, Moroni, nilimlipa mama mmoja pesa za muhogo, akanijibu, "Marahaba." Kwetu marahaba ni jibu la shikamoo, nami sikuwa nimeamkia. Kumbe kwao marahaba ni asante. Mzee unamwamkia *kwezi*, naye anakujibu *mbona*, wala hakuulizi sababu ya chochote. Chakula ni *shahula*. Baada ya wiki moja sikio linafunguka. Ukiongea polepole, ukiacha maneno ya Kiingereza tuliyoyazoea huku, mnaelewana kwa mengi. Wapo pia wengi waliowahi kuishi Zanzibar au Dar es Salaam, hao wanakipiga Kiswahili vizuri. Ofisini na benki ni Kifaransa, basi uwe na sentensi zako kadhaa.

Kwa maji, Ngazija itakufunza. Kisiwa kile ni jiwe la volkano tupu, mvua ikinyesha inazama, hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na birika la kuvunia mvua, na mwenye nyumba, mama wa makamo, alinionyesha kwa upole jinsi ya kuteka: kata moja ya kusukutua, mbili za kutawadha, ndoo moja ya kuoga. Sisi tunaonunua mitungi ya mkokoteni tukadhani tunajua uchungu wa maji! Nilijifunza kuoga upya. Nzwani na Mwali kuna mito, shida hiyo hukutani nayo sana.

Mlima Karthala, mita 2,361, ni volkano hai, ililipuka mara mbili mwaka 2005. Mume wangu aliupanda kwa siku mbili na kijana wa kumwongoza, mimi nilibaki Moroni. Ushauri wake ni mmoja: maji yote yabebe wewe, juu hakuna. Mimi siku hizo nilizitumia Badjanani, mji wa kale wa Moroni, kwenye vichochoro vya nyuma ya Msikiti wa Ijumaa wa zamani ulioinamia bandari. Nilimkumbuka mwanachuoni Habib Saleh, aliyezaliwa kisiwa kile kisha akaja Lamu, kwenye Msikiti wa Riyadha ambako sisi huenda kila mwaka kwa maulidi. Nilipolitaja jina lake barazani, wazee walisogea wakanipa nafasi ya kukaa.

Nzwani, nenda kwa ajili ya Mutsamudu, wenye vichochoro vyembamba kama Mji wetu wa Kale ila vimepanda kilima, na kwa ajili ya langilangi. Unayajua yale maua ya kikuba, kile kishada cha manukato cha wanawake wa pwani? Kule ni mashamba kwa mashamba. Yanachumwa alfajiri, yanatiwa kwenye pipa kubwa la shaba juu ya moto wa kuni, na mafuta yanatoka tone kwa tone kwa saa nyingi, kisha yanakwenda kwenye viwanda vya manukato Ulaya. Nguo zangu zilinukia mpaka Mombasa.

Lakini Mwali ndiyo iliyonikamata. Kijiji cha Itsamia kina fukwe ambazo kasa hupanda kutaga, na wanakijiji wenyewe ndio walinzi wake. Ng'amba wetu na *nyamba* wao ni neno moja, nafikiri. Tulitoka saa nne usiku na mlinzi mmoja, taa zimezimwa, tukakaa mchangani. Nilianza kumsikia kabla ya kumwona: pumzi nzito, ndefu, kama mtu anayepandisha gunia ngazini. Kisha likatokea umbo jeusi, linajivuta, linapumzika, linajivuta tena. Alipopata mahali, alichimba kwa miguu ya nyuma, mmoja unachota mchanga na kuumwaga taratibu, wa pili unafuata, zamu kwa zamu, bila kugeuka kutazama. Mlinzi alitusogeza kwa nyuma yake, akawasha tochi nyekundu ndogo. Mayai yalikuwa yakianguka mawili mawili, meupe, yanang'aa kwa ute. Machoni mwake yalitiririka machozi, na yule kijana akatunong'oneza kuwa ndivyo mwili wake unavyotoa chumvi. Mimi pia nililia, na machozi yangu hayakuwa ya chumvi ya bahari.

Ukienda, usipige picha ya mwanga, usiwashe tochi nyeupe, usimkaribie kabla hajaanza kutaga. Akishtuka anarudi baharini na mimba yake. Na usiende usiku mmoja tu. Usiku wetu wa kwanza hatukuona kitu, wa pili tuliona alama za kupita tu. Wa tatu ndio huo. Ungekuwa na siku mbili tu Mwali, kama wengi wanavyofanya, ungeondoka na hadithi ya mchanga mtupu. Ukimaliza Itsamia, hamia Nioumachoua upande wa kusini, ambako kuna visiwa vidogo mbele ya kijiji na vibanda vya wageni ufukweni. Tulikula *mkatra wa siniya* uliofanana na mkate wetu wa sinia, na majani ya muhogo yaliyopondwa kwa nazi, *mataba*, karibu kila siku. Sikuchoka.

Pesa: hakuna Lipa na M-Pesa, na kadi isiwe tegemeo lako nje ya Moroni. Chukua yuro taslimu, noti safi, ubadilishe Moroni kabla ya kuvuka. Faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro, moja ni kama faranga 492, kwa hivyo hesabu haikusumbui. Viza sisi tulipewa uwanjani, tukalipa kwa yuro. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano uwe nayo, na dawa zako za nyumbani zote, maana duka la dawa la Mwali si la Digo Road, Mombasa. Nguo za heshima, hilo mtu wa pwani haambiwi.

Tikiti ya kurudi nunua ile inayobadilika tarehe, hata ikizidi bei. Nilikataa kuongeza pesa hizo, na pale uwanjani Mwali ningetoa mara tatu yake.

Swali ninaloulizwa sana ni la Maore (Mayotte), kisiwa cha nne cha jirani. Kiko chini ya Ufaransa hadi leo, viza yake ni nyingine na inaombwa kabla hujatoka Kenya, kwa hivyo usikitie kwenye ratiba hii ukidhani utavuka tu ukishafika Nzwani.