Kadi Imo Kiunoni mwa Shangazi: Ushauri wa Kulipia Barabara kwa Sisi Tunaotoka Kisumu

Shangazi yangu wa Mumias alikuwa anakwenda Umra, na ukoo ulinipa mimi kazi ya kumfikisha uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Ilikuwa Oktoba 2022. Tulitoka Kisumu alfajiri, tukapumzika kidogo Nakuru, na tulipofika Kangemi foleni ya Waiyaki Way ilikuwa imesimama kabisa. Barabara ya juu, ile Expressway ya Nairobi, ilikuwa imefunguliwa Mei mwaka huo huo. Sikuwa nimeipita hata mara moja. Nikaona bora tupande pale makutano ya James Gichuru, tulipe, tusikose ndege.

Pale pa kuingilia nilikabidhiwa kadi, ya kurudisha wakati wa kutoka na kulipa. Nikampa shangazi aishike, nikakanyaga mafuta. Tukapita juu ya mji wote, shangazi akitazama mapaa ya nyumba na kusema mashaallah, na kabla hajamaliza kushangaa tukawa tumefika njia ya kutokea uwanja wa ndege. Dada wa dirishani akanyoosha mkono.

"Shangazi, nipe ile kadi."

"Kadi gani, mwanangu?"

"Ile niliyokupa ushike tulipoingia."

"Hiyo nimeiweka na pasipoti. Nilidhani ni ya ndege."

Pasipoti ilikuwa ndani ya mkoba mdogo wa kitambaa aliouvaa kiunoni, ndani ya buibui, na mkanda wa gari umepita juu yake. Ikabidi afungue mkanda, ainuke kidogo, apekue. Nyuma yetu honi zilikuwa zimeshaanza, moja, kisha tatu, kisha sikuzihesabu tena. Kadi ilipopatikana nikagundua jambo la pili: pesa zangu zote ziko kwenye simu, na noti nilizokuwa nazo mfukoni hazitoshi. Shangazi akafungua fundo la pindo la leso yake, pesa alizopewa na majirani awaombee dua Makka, akanipa. Nilimrudishia jioni hiyo hiyo kwa M-Pesa kabla ndege haijaruka, lakini sikuweza kusahau nilivyoipokea noti ile.

Tangu siku ile nimepita kwenye barabara za kulipia mara nyingi, hapa kwetu na Uganda, na watu wa nyumbani hunipigia simu kila wanapotaka kusafiri. Haya ndiyo ninayowaambia.

Jambo la kwanza ni pesa taslimu, tena zilizochenjiwa. Hata kama una kadi yenye salio au kifaa cha kwenye kioo, weka noti za mia na za mia mbili mahali ambapo dereva anafikia bila kugeuka. Mimi natumia mkebe mdogo wa majani chai, unakaa kwenye shimo la kikombe karibu na breki ya mkono. Mtandao una siku zake, na simu huisha chaji baada ya kutuonyesha njia kutoka Ahero mpaka Limuru. Kadi ya kuingilia nayo inakaa humo humo kwenye mkebe. Usimpe abiria, hata akiwa mama yako mzazi, kwa sababu yeye hajui kwamba utaihitaji baada ya dakika kumi na tano.

Jambo la pili ni leni. Ukikaribia lango, punguza mwendo mapema na uinue macho usome maandishi yaliyo juu ya kila kibanda. Kuna leni za wenye kifaa cha kielektroniki kilichobandikwa kwenye kioo, hawa kizuizi huwainukia chenyewe, na kuna leni za wanaolipa kwa mkono. Mgeni akiingia leni ya kifaa, kizuizi hakiinuki, na nyuma yake wameshajipanga. Ikikutokea, usirudi nyuma hata hatua moja. Washa taa za dharura, teremsha kioo, ngoja mhudumu aje. Kurudi nyuma langoni ndiko kunakovunja taa za watu na kuleta ugomvi. Na mwendo juu ya barabara ile ni kilomita 80 kwa saa. Wengi wanadhani kwa kuwa wamelipa wamenunua na ruhusa ya kuruka.

Sasa nije kwenye swali ninaloulizwa zaidi: je, kuna haja ya kulipa?

Mimi nasema unachonunua pale langoni ni muda, basi kabla ya kununua jiulize kama unauhitaji. Expressway ina urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2024, gari dogo linaloipita yote hulipa shilingi 500. Kabla ya hapo ilikuwa 360. Ukitoka kati, unalipa kulingana na ulipoingilia na unapotokea. Chini yake Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way zipo pale pale, hazitozi kitu. Nikiwa na mgonjwa, au mtu wa ndege, au ni Ijumaa jioni, nalipa bila kunung'unika. Jumapili asubuhi nikipita Nairobi kuelekea Machakos, sioni sababu. Barabara ya chini huwa nyeupe, haina magari.

Tena sisi tunaotoka upande wa magharibi tuna njia ambayo wengi wetu tunaisahau. Ukifika Kikuyu, kata kulia uingie Southern Bypass. Ina kama kilomita 29, inazunguka kando ya msitu wa Ngong na mbuga ya wanyama, inakutoa Mombasa Road karibu na hoteli ya Ole Sereni. Haina lango la malipo. Kama unakwenda uwanja wa ndege na una saa moja ya ziada, pitia huko.

Kwa Uganda mambo ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Kutoka Kisumu unapita Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala, unavuka Busia, halafu Bugiri, Iganga, Jinja. Njia yote hiyo mpaka Kampala hakuna lango hata moja. Wengi huniuliza kuhusu daraja jipya la Nile pale Jinja, lile lenye nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018. Hulipii kitu, pita ukitazama maji. Barabara ya kulipia ni ile ya kutoka Kampala kwenda Entebbe. Ilifunguliwa 2018 watu wakaipita bure, malipo yakaanza Januari 2022. Gari dogo ni shilingi 5,000 za Uganda, ambazo ni chini ya mia mbili za kwetu. Ukitokea Jinja, unashika Northern Bypass kule Bweyogerere, unaizunguka Kampala mpaka Busega, hapo ndipo unapoingia. Ukishaijua foleni ya barabara ya zamani ya Entebbe, hizo elfu tano utazitoa kwa moyo mweupe.

Ila uwe nazo mkononi, na ziwe za Uganda. Badilisha Busia, kwenye duka la kubadilisha pesa lenye kaunta na risiti, na umwambie akupe noti ndogo ndogo. Usisubiri kufika langoni na noti ya Kenya ukitarajia wakuhurumie.

Na hapo Busia ndipo nilipoumia mara ya pili. Kijana mmoja aliyevaa koti la rangi ya kung'aa, ameshika kitabu na kalamu, alinisimamisha kabla sijaegesha. Akaniita "mzee" kwa heshima kubwa, akatazama nambari ya gari, akaniambia gari la Kenya linalipia barabara za Uganda shilingi 2,000, na kwamba nikimlipa yeye sitapanga foleni. Nilikuwa nimechoka na jua lilikuwa kali. Nikatoa. Akaniandikia karatasi isiyo na muhuri. Ndani, afisa aliitazama ile karatasi, akaniangalia usoni, akanirudishia bila neno. Nikapanga foleni kama wengine wote.

Kwa hiyo shika hili: malipo halali ya barabara au ya gari hulipwa dirishani, kwenye lango au benki, na risiti yake imechapishwa. Mtu anayekufuata mpaka mlango wa gari si mtoza ushuru. Kabla hujaondoka nyumbani panga stakabadhi zako kwenye bahasha moja: logibuku ya gari, yaani hati ya umiliki, barua ya mwenye gari kama si lako, leseni, na bima ya COMESA, ile ya gari linalovuka mpaka wanayoiita kadi ya njano, ambayo bima yako ya kawaida ya Kenya haiwezi kushika nafasi yake. Mwenye bahasha iliyokamilika hana haja na kijana wa koti.

Mpaka hapa nimezungumzia safari za mara moja moja. Kinachonikosesha usingizi ni barabara yetu ya kila siku. Mnamo Novemba 28, 2025 ulizinduliwa ujenzi wa kupanua barabara ya Rironi, Naivasha, Nakuru mpaka Mau Summit, na ikikamilika itakuwa ya kulipia. Kiwango kilichotangazwa kwa gari dogo ni shilingi 8 kwa kila kilomita. Kutoka Mau Summit hadi Rironi ni kama kilomita 175. Piga hesabu: shilingi 1,400 kwenda, 1,400 kurudi. Mtu wa Kisumu, Kakamega, Bungoma au Eldoret anayekwenda Nairobi na kurudi atatoa 2,800, mbali na mafuta.

Wazee wetu waliyaona haya. Marehemu baba alikuwa akisimama Gilgil kulipa, na mpaka leo makondakta wakifika pale huita "Toll Station", ingawa vijana wanaoshuka hawajawahi kuona lango lenyewe. Malango yale yaliondolewa, na sheria ya 1993 ikaleta tozo ya matengenezo ya barabara ndani ya bei ya mafuta. Tozo hiyo sasa ni shilingi 25 kwa kila lita, tangu Julai 2024. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita hutumia kama lita 29 kutoka Kisumu hadi Nairobi, maana yake umeshalipia barabara shilingi 725 pale pampu kabla hujaona lango lolote. Sisemi barabara isipanuliwe. Nimepoteza watu kwenye njia ile, pale Salgaa na kwingineko, na kila anayeipita usiku anajua malori yanavyoovateki. Nasema tuijue hesabu yote, ya pampu na ya langoni, ili siku wakija kutuuliza maoni yetu tuzungumze kwa tarakimu.

Njia mbadala ipo kwa wanaotoka Kisumu: Ahero, Awasi, Kericho, Bomet, Narok, Mai Mahiu. Mimi huipita na naipenda, hasa vilima vya chai asubuhi. Lakini kile kipande cha Mai Mahiu kupanda hadi Rironi nacho kimo ndani ya mradi huo huo, kwa hiyo usidhani utaepuka kabisa. Na ikiwa mvua ni kubwa uliza kwanza. Mwaka 2018 ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu barabara ikakatika. Usiku sikushauri, vituo vya mafuta viko mbali kimoja na kingine.

Ukikodi gari, patana mapema nani atalipa lango. Sema wazi, "Bei hii ni pamoja na barabara?" Nimeona majirani wawili wakinuniana miezi mingi kwa sababu ya shilingi mia tatu ambazo hakuna aliyezitaja kabla ya safari.

Na neno langu la mwisho ni kwa kamati za matanga. Sisi watu wa magharibi tunajua maana ya Alhamisi na Ijumaa usiku: gari la maiti mbele, basi la waombolezaji, magari madogo nyuma, kutoka Nairobi mpaka nyumbani. Bajeti huandikwa kwenye daftari: jeneza, mafuta, chakula, hema, mchungaji au maalim. Barabara ikishaanza kutozwa, magari madogo manne tu, kwenda na kurudi, ni 11,200, na basi na gari la maiti bado hayajahesabiwa. Pesa hiyo ikisahauliwa itamwangukia dereva langoni saa nane za usiku, au mjane atakayeombwa noti akiwa ameketi karibu na jeneza. Mweka hazina aiandike mapema, apewe mtu mmoja aliye kwenye gari la mbele, alipie magari yote na kukusanya risiti.

Katika daftari la ukoo wetu, chini ya mstari wa mafuta, nimeshaongeza mstari wa barabara. Shangazi ndiye mweka hazina.